Kitani, Ng'ombe na Bei ya Mombasa

Mwaka 1919 serikali ya Uingereza ilikuwa ikiwatafutia riziki maofisa wa jeshi lake waliotoka katika vita vikuu wakiwa na ulemavu. Baadhi yao waliletwa Kericho. Walipewa ekari 25,000 hivi, zilizomegwa kutoka eneo la Wakipsigis, watu ambao wakoloni waliwaita Walumbwa. Wakaunda kampuni ya pamoja iliyojulikana kwa kifupi kama BEADOC, yaani koloni la maofisa walemavu la Afrika Mashariki ya Uingereza. Anayepita leo Kericho na kuona vilima vilivyofunikwa na chai anaweza kudhani hao ndio walioianzisha. Sivyo. Wao walipanda kitani.

Hawakubahatisha. Ndege za kivita za wakati ule zilikuwa na mbawa za mbao zilizovikwa kitambaa cha kitani, na Urusi, iliyokuwa ikizalisha sehemu kubwa ya zao hilo, ilikuwa imesambaratishwa na mapinduzi ya 1917. Kitani kikaadimika, bei ikapaa. Kwa ofisa aliyeketi London na gazeti mkononi, hesabu ilikuwa nyepesi: ardhi ipo, mvua haina uhaba, kibarua analipwa kidogo, na zao linauzwa kwa bei isiyopata kuonekana. Swali alilolisahau ni moja. Bei hii ikirudi ilikotoka, itatukuta tumekopa kiasi gani?

Ilirudi, tena haraka. Kufikia 1921 uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka, majeshi hayakuhitaji tena mbawa mpya, na kitani kilichosafirishwa kutoka stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, hakikurudisha hata gharama ya kukichakata. Pigo la pili lilitoka upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Kabla ya vita, pauni moja ilikuwa sawa na rupia 15, nayo rupia ndiyo iliyokuwa sarafu ya nchi. Madini ya fedha yalipopanda bei, rupia ikapanda nayo, na mwaka 1920 serikali ikaifunga katika kiwango cha rupia 10 kwa pauni. Mlowezi aliyekopa benki rupia 15,000 alikuwa akidaiwa pauni 1,000. Akalala, akaamka anadaiwa pauni 1,500. Mazao yake yaliuzwa London kwa pauni. Deni na mishahara vilikuwa vya rupia.

Walowezi walijaribu kuwabebesha vibarua mzigo huo. Mwaka 1921 walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, hatua iliyochochea hasira Nairobi na kumpa mwanaharakati Harry Thuku wafuasi wengi. Kwa BEADOC hata hilo halikusaidia. Kampuni ikafilisika, na mwaka 1925 sehemu kubwa ya ardhi yake ikanunuliwa na kampuni ya James Finlay ya Scotland, iliyoiendesha kwa jina la African Highlands Produce Company. Kampuni ya chai ya Brooke Bond nayo ilikuwa imeingia nchini mwaka mmoja kabla. Ndipo chai ikapandwa kwa wingi.

Kisa hiki husimuliwa kama utangulizi tu wa historia ya chai. Kinastahili zaidi ya hapo, kwa sababu makosa mengi ambayo vitabu vya biashara ya masoko huonya dhidi yake yamo ndani yake: kununua kwa sababu bei tayari imepanda, kuweka mtaji wote mahali pamoja, na kukopa kwa sarafu moja huku ukiuza kwa nyingine. Maofisa wale hawakukosa nidhamu. Walikuwa wanajeshi, waliamka alfajiri, waliweka daftari, walitii amri. Nidhamu ya kambi haikuwafaa kitu mbele ya bei.

Ng'ambo ya mipaka ya mashamba hayo, upande wa Belgut ambako leo kuna mji mdogo wa Sosiot, waliishi watu waliokuwa na utaratibu wao wa zamani wa kukabiliana na hasara. Wakipsigis walihesabu utajiri kwa ng'ombe, na ng'ombe ni mali inayoweza kuisha kwa wiki moja. Sotoka iliyoikumba Afrika Mashariki miaka ya 1890 ilifagia mazizi mazima. Kulikuwa na uvamizi, kulikuwa na ukame. Mwenye ng'ombe wote katika zizi moja alikuwa tajiri hadi siku ya msiba.

Dawa yake ilikuwa kimanagan. Mtu aliwagawa ng'ombe wake kwa marafiki walioishi mbali, wawili huku, watatu kule, mmoja ng'ambo ya mto. Aliyepokea alikunywa maziwa, akatumia samadi, akawatunza kama wake. Ng'ombe na ndama walibaki mali ya mwenyewe. Naye mwenyewe, zizini kwake, huenda alikuwa akitunza ng'ombe wa watu wengine kwa mapatano yayo hayo, hivi kwamba mgeni aliyepita asingeweza kujua nani tajiri na nani maskini. Ugonjwa ukiingia bonde moja, mabonde mengine yalibaki na mbegu.

Wachumi wa leo wangesema ni kutawanya hatari, na wangekuwa sahihi, lakini wangeacha nusu ya jambo. Ng'ombe aliye mbali hauzwi kwa hasira. Mtu aliyesikia uvumi asubuhi, akaogopa, hakuweza kukusanya mali yake yote kabla ya jua kutua na kuibadilisha kwa wimbi la Wagusii au nafaka za Waluo huko Sondu. Ilimbidi aende, asalimie, akae, aeleze sababu, na rafiki ambaye watoto wake walikuwa wakinywa maziwa ya ng'ombe huyo alikuwa na neno la kusema. Kukiwa na ubishi, wazee wa kokwet, baraza la majirani, waliketi na kuamua. Kufikia wakati huo hofu ilikuwa imepoa. Desturi haikumtaka mtu awe na moyo wa chuma. Ilimwekea umbali kati ya hofu na mkono wake.

Si kwamba ilikuwa desturi ya malaika. Kulikuwa na waliokana ng'ombe wa wenzao, na kesi za ndama wa ng'ombe aliyekwisha kufa zilisumbua wazee na baadaye mahakama za wakoloni. Hata hivyo iliwavusha watu katika miaka ambayo benki zingefunga milango.

Utabiri nao ulikuwa na masharti. Miongoni mwa Wakipsigis na jamaa zao Wanandi, mashauri makubwa, hasa safari za kuteka mifugo, hayakuanza bila kauli ya orkoiyot, mtabiri wa ukoo wa Talai. Safari ikifaulu, alipata fungu lake la ng'ombe. Isipofaulu, hali ilikuwa nyingine. Karibu na mwaka 1890 Wanandi walimuua kwa marungu Kimnyole arap Turukat, orkoiyot wao mkuu, baada ya misiba kufuatana. Mwanawe Kipchomber arap Koilegen akahamia kwa Wakipsigis na kuendeleza kazi hiyo huko, mpaka Waingereza walipomhamisha mwaka 1914. Mwaka 1934 wakatunga sheria maalumu ya kuuondoa ukoo mzima na kuupeleka Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu utabiri. Ila mtabiri wa zamani alisimama na waliomsikiliza, na hasara yao ilimfikia. Wanaouza utabiri wa bei siku hizi kwa ada ya mwezi, kupitia makundi ya simu, wanakula ada yao soko lipande au lishuke.

Chai ilileta aina nyingine ya subira. Mche unahitaji takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuchumwa vizuri, kisha unaweza kuzaa kwa miongo mingi. Anayeupanda hawezi kuwa na maoni kuhusu bei ya mwezi ujao. Maoni yake ni kuhusu maisha ya wajukuu. Makampuni ya Kericho yalikuwa na mtaji wa kungojea hivyo, na yalikuwa na jingine zaidi: mwaka 1933 India, Ceylon na makoloni ya Uholanzi huko Asia zilitia sahihi mkataba wa kimataifa wa kupunguza chai sokoni ili bei isianguke, na Afrika Mashariki ikakubali kuwekewa kikomo cha upanzi. Walioketi mezani walilinda bei yao. Mwafrika wa Belgut hakuwamo. Kwa miaka mingi hakuruhusiwa kulima chai shambani mwake, ingawa aliichuma kwa mshahara katika shamba la jirani.

Wala hakukaa bure akingoja. Wakipsigis walichukua plau na mahindi kwa kasi iliyowashangaza wageni, wakajenga vinu vya kusaga vinavyoendeshwa na maji ya mito yao. Mwanaanthropolojia Robert Manners aliandika makala juu ya mabadiliko hayo katika kitabu kuhusu masoko ya Afrika kilichochapishwa mwaka 1962. Kufikia hapo mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ulikuwa umefungua njia ya Mwafrika kulima mazao ya biashara, mamlaka ya mazao maalumu ilikuwa imeundwa mwaka 1960, na mwaka 1964 ikazaliwa KTDA, mamlaka ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo. Mkulima wa ekari moja akapata kiwanda.

Akapata na ratiba. Majani mawili na chipukizi huchumwa kila baada ya siku saba hadi kumi na nne hivi, hupimwa katika kituo cha kununulia, hupakiwa kwenye lori na kufikishwa kiwandani siku hiyohiyo kabla hayajaharibika. Hakuna kuweka ghalani ukisubiri bei nzuri, kama afanyavyo mwenye mahindi. Hakuna kuuza kabla ya wakati. Mvua ya mawe ndiyo adui anayeweza kuivunja ratiba, na Kericho ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa mno na mawe duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 makampuni ya chai yalikodi ndege za kunyunyiza kemikali mawinguni, kwa matumaini ya kuyageuza mawe kuwa mvua kabla hayajaanguka. Januari 2012 ilikuwa zamu ya jalidi, ikaunguza mashamba kwa siku chache tu. Mkulima wa Sosiot anajua vizuri kwamba kuna mambo yasiyobembelezeka.

Bei ni mojawapo. Inapangwa Mombasa.

Mnada wa chai ulianza London mwaka 1679, enzi za Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, na ukaendelea huko hadi Juni 29, 1998, ulipofungwa kabisa. Kenya ilianza wa kwake Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Mpaka ulipogeuzwa kuwa wa kielektroniki mwaka 2020, wanunuzi na madalali walikutana katika ukumbi mmoja na kupigiana kelele senti kwa senti. Senti hizo ni za dola ya Marekani, hata pale muuzaji na mnunuzi wote wako Mombasa.

Kilicho muhimu kwa mada hii hutokea kabla ya mnada. Kiwanda kinapomaliza kusindika, chai hugawanywa kwa daraja, BP1, PF1, PD, D1 na nyinginezo, kisha hupelekwa Mombasa. Dalali huchukua sampuli na kuwatumia wanunuzi, wengine Karachi, wengine Cairo au London. Waonja chai husimama mbele ya safu ndefu ya vikombe, wakivuta kila kijiko kwa kishindo, wakitema, wakisonga mbele. Kisha hukadiria thamani ya kila fungu, na makadirio hayo huandikwa siku kadhaa kabla ya mnada. Mnunuzi mzoefu naye huingia akiwa na kikomo chake. Uamuzi hufanywa pakiwa kimya, ulimi ukiwa kazini, na siku ya mnada ni ya kutekeleza tu. Homma Munehisa, mfanyabiashara wa mchele wa Sakata aliyejizolea mali Japani katika karne ya 18, wakati soko la mchele la Dojima huko Osaka lilipokuwa likiuza hata mchele usiofika bado ghalani, anasifiwa hadi leo kwa kuchunguza hisia za wanunuzi kuliko mavuno yenyewe. Joseph de la Vega alikuwa ameandika juu ya wazimu huohuo katika soko la hisa la Amsterdam mwaka 1688. Madalali wa Mombasa hawana haja ya kuwasoma. Utaratibu wa kazi yao umekwisha kuwabana.

Kuna miaka bei ilipoleta neema bila kubisha hodi. Desemba 1983 India, ikihofia chai kupungua kwa watu wake, ilizuia kuuza nje chai ya aina inayotengenezwa pia Kenya. Bei ya dunia ikaruka mwaka 1984. Mwaka uliofuata ikaanguka. Aliyekuwa na chai tayari alivuna fedha ambazo hakuzifanyia kazi yoyote ya ziada. Aliyeng'oa mahindi ili apande chai kwa sababu ya bei ya 1984 alianza kuchuma miaka mitatu baadaye, sherehe ikiwa imekwisha zamani. Kosa la kitani lilikuwa limejirudia, safari hii kwa wadogo.

Katika nchi ya chai, mtihani wa kila mwaka wa akili ya soko huitwa bonasi. KTDA humlipa mkulima sehemu ya fedha kila mwezi kwa kilo alizopeleka, na baada ya hesabu za mwaka kufungwa Juni, sehemu iliyobaki hulipwa kwa mkupuo karibu na Oktoba. Kwa mwanauchumi huo ni mfumo mzuri wa kumlazimisha mtu kuweka akiba. Kwa mzazi mwenye karo ya Mei, ni fedha zake zilizofungiwa kabatini mwa mwingine. Hapo ndipo huingia mangirito, wachuuzi wanaonunua majani kando ya barabara kwa bei ndogo na kulipa papo hapo, bila bonasi. Viongozi wa viwanda wamewalaani kwa miaka mingi. Lawama hizo mara nyingi humkosea heshima mkulima. Anayeuza kwa mangirito huenda anajua hesabu vizuri kuliko anayemhubiria: shilingi chache leo zinaweza kuwa na thamani kuliko nyingi za Oktoba, ikiwa katikati kuna mtoto atakayefukuzwa shule au shailoki atakayetoza riba ya kukata roho. Kinachomwangusha ni kuizoea njia hiyo, mpaka Oktoba inafika na hakuna kilo zilizoandikwa kwa jina lake.

Oktoba yenyewe ina hatari zake. Miji midogo ya Kericho na Bomet hufurika wauzaji wa pikipiki, magodoro, viwanja na miradi ya kutajirisha haraka. Mwaka 2008 kulikuja jambo kubwa kuliko yote. Serikali iliuza hisa bilioni 10 za kampuni ya simu ya Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na watu zaidi ya 800,000 wakaomba, wengi wao hawajawahi kumiliki hisa hata moja. Benki zilikopesha watu fedha za kununulia. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa, hivyo wengi walipewa kipande tu cha walichoomba, huku riba ya mkopo wote ikiendelea. Hisa zilipoanza kuuzwa Juni 9 zilipanda hadi zaidi ya shilingi 7. Mapema 2009, msukosuko wa fedha duniani ukiwa umepiga hodi, zilikuwa karibu na shilingi 3. Waliokopa waliuza. Walionunua kwa fedha wasizozihitaji walizisahau tu, na mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilivuka shilingi 40. Tofauti ya makundi hayo mawili haikuwa ushujaa. Waliouza walikuwa na tarehe ya kulipa.

Serikali nayo huingiwa na hofu ya soko, na ilipoingiwa mwaka 2021 Kericho iliumia. Bei ya mnada ilikuwa chini, uchaguzi ulikuwa ukikaribia, na Julai mwaka huo ikawekwa bei ya chini kabisa kwa chai ya KTDA: dola 2.43 kwa kilo. Chai isiyofikia hapo isiuzwe. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe. Chai ya viwanda vingi vya mashariki mwa Bonde la Ufa, ambayo wanunuzi huipenda zaidi, iliweza kuvuka kizingiti. Chai nyingi ya magharibi, ikiwamo ya Kericho na Bomet, ilikwama. Ilirudi ghalani Mombasa wiki baada ya wiki, ikalipiwa ghala, ikazeeka, na chai iliyozeeka haipati bei ya mpya.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha. Miaka sita baadaye Hersh Shefrin na Meir Statman wakaonyesha matokeo yake sokoni: watu huuza upesi kilichopanda na kung'ang'ania kilichoshuka, maana kukiuza ni kukiri. Bei ya dola 2.43 ilikuwa ung'ang'anizi huo uliotiwa muhuri wa serikali. Kila wiki chai ilipokosa mnunuzi, kulikuwa na sababu nzuri ya kungoja wiki nyingine. Kizingiti kiliondolewa mwaka 2024, shehena za miaka zikiwa zimejaa maghalani, na sehemu kubwa yake ikatoka kwa bei ya kutupa.

Kisha ikaja zamu ya sarafu. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 160. Serikali ilipopata mkopo mpya Februari na kutuliza hofu ya deni lililokuwa likiiva, shilingi ikapata nguvu, na kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu shilingi 130. Waagizaji wa mafuta walishangilia. Kiwanda cha Kericho kilichouza chai yake kwa dola zilezile kilipokea shilingi pungufu kwa karibu moja ya tano, ilhali mishahara, kuni na umeme vilibaki vya shilingi. Machi 2025 Sudan, mnunuzi wa miaka mingi, ikazuia bidhaa za Kenya kwa sababu za kisiasa. Bonasi ilipotangazwa mwaka huo, wakulima wa magharibi walipata kidogo sana wakilinganisha na wenzao wa mashariki, na wakaandamana. Mikutanoni walilaumiwa wakurugenzi wa viwanda, madalali, wanasiasa. Baadhi ya lawama zilistahili. Ubora wa chai, gharama za viwanda na madeni vimekuwa na maswali ya kweli kwa miaka mingi. Kiwango cha dola hakikuzungumzwa sana majukwaani. Hakina ofisi ambayo mtu anaweza kuandamana mpaka mlangoni pake.

Kijana wa Sosiot anayefungua programu ya kuuza na kununua sarafu kwenye simu yake anaingia katika biashara ambayo familia yake imekuwamo kwa vizazi vitatu bila kujisajili popote. Chai ya mama yake ni dau juu ya dola, juu ya Karachi, juu ya Khartoum na juu ya mawingu. Yeye ameongeza euro na dhahabu. Tangu mwaka 2017 Kenya ina kanuni za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zinazowataka madalali wa biashara hii mtandaoni kupata leseni, na leseni ya kwanza ilitolewa mwaka 2018. Dalali humruhusu mteja kushika mali yenye thamani mara nyingi zaidi ya fedha alizoweka. Kwa hiyo mwendo mdogo wa bei, ambao mnunuzi wa chai asingeuona hata, unaweza kumaliza akaunti kabla ya ugali kuiva.

Mazoezi wanayohimizwa wafanyabiashara hawa yanajulikana: kuandika mpango kabla soko halijafunguka, kuhatarisha sehemu ndogo ya mtaji katika kila biashara, kuweka mapema amri ya kufunga hasara bei ikifika mahali fulani, kutunza daftari la kila uamuzi na sababu yake, kutotumia fedha za karo. Ukiyachunguza, karibu yote ni mambo ambayo zamani yalifanywa na mtu mwingine au na kitu kingine. Makadirio ya mwonja chai ndiyo mpango ulioandikwa mapema. Kimanagan iligawa hatari. Karani wa kituo cha kununulia alitunza daftari, na mnada ulisubiri Jumatatu na Jumanne, upende usipende. Soko la sarafu hufunguliwa usiku wa kuamkia Jumatatu na halilali mpaka usiku wa Ijumaa, na amri ya kufunga hasara, iliyowekwa jioni akili ikiwa imetulia, inaweza kufutwa saa nane za usiku kwa kidole kimoja bila rafiki wala mzee wa kokwet kuulizwa.

Wengine wamelitatua hilo kwa njia zao. Katika vikundi vya akiba, chama kama wanavyoviita, wapo wanaoweka fedha za biashara ya masoko katika mfuko wa pamoja unaohitaji sahihi tatu kabla ya kuongezwa hata shilingi mia. Utaratibu huo unapunguza kasi, na vijana hulalamika kwamba fursa zinawapita. Wazee waliokuwa na ng'ombe ng'ambo ya mto walilalamika hivyohivyo.